Rubani Aliyetua Katikati ya Vita

Ndugu yangu, chai yako ikipoa usinilaumu, ila hii isome mpaka mstari wa mwisho. Mimi nimetumiwa asubuhi, nimeisoma mara mbili, na nimeona ni choyo kukaa nayo peke yangu.

Katika nchi moja yenye milima mingi kuliko tambarare, palikuwa na chuo cha marubani wa helikopta za jeshi. Wanafunzi wa pale hawakukabidhiwa helikopta ya kweli hivi hivi. Helikopta ni ghali, na mlima haumwonei mtu huruma. Kwanza walifundishwa ndani ya simuleta, kibanda cha bati kisicho na pangaboi wala matairi. Ndani mna kiti cha rubani, usukani, pedali na saa za kila aina. Mbele pana kioo kikubwa kinachoonyesha nchi ya kubuni yenye mito, vijiji na vita.

Ukipigwa kombora mle hufi. Lakini unatoka shati limelowa jasho, na mwalimu ameshaandika.

Mmoja wa wanafunzi aliitwa Luteni Usu Siwatu, mwanamke wa miaka thelathini na moja, mnene kidogo, mcheshi, mwenye mikono mizuri kwenye usukani. Kabla ya chuo alikaa bohari miaka sita, akigawa buti na mablanketi kwa wenzake wanaokwenda mahali. Yeye alibaki na mlango wa bohari. Alipopata nafasi ya kujifunza urubani alilia kwa furaha mbele za watu, hakuona haya.

Sasa shida. Mtihani wa mwisho wa simuleta, ule wa kutafuta njia, alikuwa ameshaanguka mara mbili. Na sheria ya chuo ilikuwa fupi: ukianguka mara ya tatu, unarudi ulikotoka. Kwa Siwatu, huko ni kwenye buti na mablanketi mpaka astaafu.

Mwalimu wao alikuwa Meja Nanyaro, mzee mwembamba mwenye sauti ya chini, aliyekunywa maji ya moto tu na hakuwahi kuonekana akimaliza kucheka. Alikuwa na somo moja, na alilirudia mpaka wanafunzi wakawa wanaliota.

"Saa, ramani, ardhi," alisema. "Kwanza iulize saa umeruka dakika ngapi. Kisha weka kidole kwenye ramani, pale ambapo dakika hizo zingekufikisha. Ndipo uchungulie nje, utafute kile ambacho ramani imekuahidi. Usianze na ardhi. Ukianza na ardhi, kila mto utakuwa mto wako."

Wote waliitikia, "Ndiyo, Afande!" Kuitikia ni rahisi bwana.

Mara ya kwanza Siwatu aliona mto, akaupokea kama mgeni aliyekuwa akimsubiri. Akaufuata, ukamwingiza kwenye korongo lisilo na kutokea, akajibamiza. Mara ya pili alikiona kijiji chenye kanisa, akasema hiki ndicho, kumbe nchi ile ilikuwa na makanisa tele. Na mara zote mbili, nakwambia ukweli, moyoni alijua mapema kwamba mambo hayalingani. Ila kila alipoulizwa kwenye redio alijibu kwa sauti ya kishujaa: "Niko njiani, Afande, hakuna tatizo." Si unajua tulivyo. Mtu yuko kwenye mtihani, mwalimu anasikiliza, utaanzaje kusema?

Basi ikafika siku ya mtihani wa tatu. Siku hiyo walikuwa wanafunzi watatu: Siwatu, Lwitiko aliyekuwa mpole wa maneno, na Ombeni. Huyo Ombeni alikuwa hodari kweli, lakini alijua kwamba ni hodari, na hakuwanyima wengine habari hiyo.

Meja Nanyaro akawatandazia ramani mezani.

"Majeruhi wetu sita wamekwama milimani," alisema. "Juu ya kilele kuna rada ya adui. Mkiruka juu ya vilele mtaonekana, na mkionekana kombora halikosi. Kwa hiyo mtapita chini, mabondeni. Adui amevuruga satelaiti, kile kiramani cha kwenye skrini kimekufa. Mna karatasi, dira na saa. Upepo unatoka mashariki. Rukeni kaskazini dakika nane, mtakuta daraja la mawe, na reli ikipita kando yake. Hapo ufuateni mto kuelekea juu mpaka muone moshi wa kijani. Majeruhi wawe wamefika kambini ndani ya dakika arobaini. Kuna swali?"

"Hakuna, Afande!"

Ombeni aliingia wa kwanza. Wengine wawili walikaa nje kwenye benchi, maana hairuhusiwi kusikia mtihani wa mwenzako. Baada ya dakika thelathini na sita mlango ukafunguliwa, Ombeni akatoka anang'aa.

"Sita wote ndani," alisema huku akijipangusa shingo. "Dakika nne za chenji. Dada Siwatu, ukiwaona wanakupungia mkono, wasalimie."

Akaingia Lwitiko. Huyu alichukua nusu saa tu, akatoka. Siwatu akamtazama. Lwitiko akatikisa kichwa na kusema, "Usiniulize, dada," akaenda kukaa peke yake.

Ikawa zamu ya Siwatu. Alijifunga mkanda, akaifunga ramani kwenye paja la kulia, akavaa vidude vya masikioni. Akajisemea, leo sifanyi mambo ya jana. Akavuta usukani wa pembeni, ule unaoinua helikopta, nchi ya kubuni ikaanza kushuka chini yake, akaelekeza pua kaskazini. Kwa kuwa upepo ulikuwa wa mashariki, aliigeuza pua kulia kidogo, kiasi cha kuukabili, usimsukume nje ya njia.

Dakika mbili zilipita. Akaitazama saa, akasogeza kidole kwenye ramani, akatazama nje: shamba la katani, kama ilivyoandikwa. Dakika ya nne, kinu cha kusaga, kipo. Jamani, kumbe jambo lenyewe si gumu! Akaanza hata kuimba kwa sauti ya chini.

Dakika ya sita ramani iliahidi kisima chenye pampu ya upepo. Hakukiona. Akasema labda kimejificha nyuma ya miti.

Dakika ya saba milima ilisogea kushoto na kulia, akaingia bondeni. Dakika ya nane ikafika. Akatazama nje kutafuta daraja. Hakuna daraja. Mto upo, unang'aa kabisa, ila daraja hakuna.

Akaenda mbele. Nusu dakika. Dakika nzima. Na hapo, alhamdulillahi, daraja hilo mbele yake!

Moyo ulimruka kwa furaha. Mkono ukaanza kulaza usukani kuufuata mto kuelekea juu. Kisha akaliangalia tena. Lilikuwa daraja la magogo. Na reli haikuwepo.

Siwatu akaurudisha usukani. Alilifahamu jambo lile kama mtu anavyoifahamu homa yake. Hapa ndipo mara ya kwanza alijiambia, labda wamechora vibaya. Hapa ndipo mara ya pili alijiambia, labda liko mbele kidogo. Neno "labda" lilikuwa limeshamwangusha mara mbili.

Sauti ya Meja ikaingia masikioni, kavu kama kawaida. "Mwewe Tatu," akamwita kwa jina lake la redioni, "toa taarifa."

Hapo sasa. Akisema kweli, amejiandikia mwenyewe sifuri. Akisema uongo, atapata dakika kumi nyingine za kutumaini. Aliyaona mablanketi ya bohari yamepangwa mpaka darini.

"Nimepotea, Afande," alisema.

"Rudia, Mwewe Tatu."

"Nimepotea. Tangu kama dakika mbili zilizopita sijui nilipo. Natua nijitafute."

"Unatua? Katikati ya vita?"

"Afande, helikopta kazi yake ni kutua popote," Siwatu alisema. "Nikiendelea kwenda nitazidi kupotea kwa kasi tu."

Akaishusha helikopta kwenye shamba la mtama kando ya mto, injini ikiunguruma, pangaboi likizunguka. Mizinga ilikuwa inasikika nyuma ya mlima, du! du! du! Kila mlio ulimwambia: ondoka, mama, utakufa hapa. Saa nayo ilikuwa inakula dakika zake bila huruma. Kukaa bila kwenda popote, wakati kila kitu mwilini kinataka kukimbia, kulikaribia kumshinda.

Alijilazimisha. Akaondoa mkono kwenye usukani, akaukalia kwa paja ili usimsumbue. Akatazama ng'ambo ya shamba. Kulikuwa na lori lililoungua, linafuka moshi. Siwatu akautazama ule moshi, akatazama dira, akautazama tena.

"Weee!" alisema peke yake.

Moshi ulikuwa umelala kuelekea mashariki. Kwa hiyo upepo sasa ulikuwa unatoka magharibi. Umegeuka! Yeye huku amekaza pua kulia kuukabili upepo wa mashariki ambao haupo tena, na upepo wa magharibi unamsukuma kulekule kulia. Wawili wanasukuma upande mmoja.

Basi akaanza upya, kwa utaratibu, kama anayemfundisha mtu mwingine. Saa: mpaka kwenye kinu alikuwa njiani, baada ya hapo ameruka dakika tano akisukumwa. Ramani: kidole kikatoka kwenye daraja la mawe, kikaenda kulia kilomita tano hivi, kikavuka mlima mwembamba, kikaangukia bonde la pili, pacha wa lile la kwanza. Lina mto wake. Lina daraja dogo. Na kando ya daraja wamechora kilima chenye vichwa viwili. Ndipo akainua macho kutazama ardhi.

Kilima chenye vichwa viwili kilikuwa pale dirishani, kinamtazama.

Siwatu alicheka mpaka machozi yakamtoka, peke yake ndani ya bati, katikati ya mizinga. Bado alikuwa amechelewa, bado alikuwa mahali pasipo pake, lakini alijua alipo, na sijui kama kuna raha inayopita hiyo. Ramani ilionyesha pengo katika ule mlima mwembamba. Akainuka, akapenya pengo chini chini bila kuonekana na rada ya kileleni, akatokea upande wa pili. Reli. Daraja la mawe. Akaufuata mto kuelekea juu, akauona moshi wa kijani, akatua. Majeruhi wakapandishwa polepole, wawili kwa machela, akageuza.

Alipogusa kambi saa ilisema dakika arobaini na nne.

Akazima, akavua vidude vya masikioni, akakaa kidogo. Dakika nne zaidi. Hakulia. Alisema tu, basi, nimejitahidi, na akashangaa kwamba moyo wake umetulia. Akatoka.

"Vipi?" Ombeni aliuliza pale kwenye benchi.

"Nilitua njiani."

"Ulitua? Wapi?"

"Kwenye shamba la mtama."

Ombeni alishika mbavu. "Ulienda kuvuna, dada? Vita inaendelea, wewe uko shambani! Mungu wangu, hii nitaihadithia mpaka wajukuu."

Siwatu akacheka naye. Angefanyaje?

Meja Nanyaro akawaita wote watatu ndani. Ukutani alikuwa amewasha ile ramani, na juu yake michoro mitatu myekundu, njia ya kila mmoja. Siwatu akasogea karibu, akakodoa macho.

Michoro yote mitatu ilikuwa imepinda kulia, mahali palepale.

"Dakika ya tano niliugeuza upepo," alisema Meja. "Kwa kila mmoja wenu. Ramani haikuwa na kosa. Sikuwaambia, kwa sababu upepo wa kweli nao hauwaambii."

Ombeni akajikuna kidevu.

"Lakini mimi nilifika, Afande. Niliona daraja, niliona moshi wa kijani, nikachukua watu sita."

"Daraja lilikuwa la nini?"

"La... la magogo."

"Na reli?"

"Reli sikuiona, Afande. Nikajua ramani ni ya zamani."

"Na hao majeruhi wako, walipandaje?"

Ombeni akafikiri. "Walikimbia wakapanda wenyewe, haraka haraka."

"Majeruhi wanakimbia, wewe hukushangaa?"

"Nilifurahi, Afande. Niliona wanatuokolea muda."

"Walikuwa maadui," alisema Meja. "Adui naye anajua kuwasha moshi wa kijani. Umewabeba kwa heshima zote, umewashusha mbele ya mlango wa jenerali, na dakika nne za chenji."

Lwitiko, ambaye tangu atoke alikuwa amejitenga, alipasuka kicheko. Meja akamgeukia.

"Na wewe ulijua lini kwamba umepotea?"

Kicheko kikakatika. "Dakika ya kumi, Afande."

"Nilipokuuliza kwenye redio dakika ya kumi na mbili, ulisemaje?"

"Nilisema niko njiani." Lwitiko aliinamisha kichwa. "Niliona aibu, ni mtihani. Mwishoni nikapanda juu ya kilele nichungulie, ndipo kombora likanipata."

"Mficha maradhi," alisema Meja, wala hakumalizia. Kisha akamtazama Siwatu, na Siwatu akasimama wima.

"Afande, mimi nimechelewa dakika nne. Najua."

"Umechelewa, na nimeandika kwamba umechelewa. Pia nimeandika kwamba majeruhi sita wako hospitali, wa kwetu." Akachukua karatasi yake, akaigonga kwa kidole. "Nimefundisha kazi hii miaka ishirini na mbili. Sijawahi kumpata mwanafunzi asiyepotea, na mimi mwenyewe sijafaulu kuwa mmoja. Kwa hiyo mtihani huu haukuwa wa kuona nani atapotea. Wote niliwapoteza kwa mkono wangu. Nilikuwa nasubiri kwenye redio nisikie nani ataniambia, na ataniambia lini. Umefaulu, Luteni. Jumatatu unapanda helikopta ya kweli."

Siwatu alifungua mdomo ajibu "Ndiyo, Afande," kikatoka kigelegele. Chuo kizima kilikisikia. Askari wa getini akaja mbio kuuliza kuna harusi ya nani, na Meja Nanyaro, kwa mara ya kwanza mbele ya wanafunzi wake, alicheka akamaliza.

"Na mimi, Afande?" aliuliza Ombeni kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

"Wewe na Lwitiko mtarudia mwezi ujao. Leo hamjarudishwa nyumbani, mmerudishwa darasani."

Ombeni akamsogelea Siwatu na kumpa mkono wa dhati kabisa. "Dada," alisema, "tuketi uniambie vizuri. Pale shambani, ulianzia wapi?"

Siwatu akavuta kiti, akamwonyesha.

Funzo: Kila mtu hupotea, maana upepo wa maisha hugeuka bila kutoa taarifa, anayeangamia ni yule anayeilaumu ramani na kuongeza mwendo. Mambo yako yakikataa kulingana, tua, sema "nimepotea" ungali na mafuta, kisha ujitafute polepole. Mtumie hadithi hii mtu mmoja unayemjua ambaye leo anajibu "niko njiani, hakuna tatizo", na moyoni anajua reli hajaiona.